Ndagala afungwe kizazi lini?

Mbwa wetu jike anaitwa Ndagala, kwa sababu alipofika kwetu Gitaza akiwa mdogo alikula zile ndagala zinazodondoka pale wamama wanapoanika. Sasa ana miezi mitano. Vijana ninaokutana nao kila Jumamosi wamegawanyika juu yake, na wanagombana kweli.

Kundi moja linasema azae kwanza mara moja, ndipo afungwe kizazi, eti bila hivyo atakuwa mgonjwa. Maneno hayo nimeyasikia tangu Uvira. Daktari wa mifugo tuliyemuuliza alicheka. Alisema jike akifungwa kabla ya joto la kwanza, hatari ya uvimbe kwenye matiti inapungua sana. Kwa mbwa wetu hawa wa kawaida miezi sita inatosha; wale wa mwili mkubwa ndio wanangojewa wamalize kukua. Akishaingia kwenye joto, damu inajaa kule ndani, upasuaji unakuwa mgumu, na itabidi kungoja tena miezi miwili au mitatu.

Wengine wanasema tuhasi dume wa jirani, ni rahisi. Rahisi ndiyo, lakini ukihasi mmoja, usiku watakuja watano kutoka barabarani.

Mimi hesabu yangu ni ingine. Mimba ya mbwa ni siku kama 63. Kwa mkimbizi hizo ni nyingi. Leo uko hapa kando ya ziwa, kesho uko kwenye lori unaenda kambi ya Musenyi, kule Rutana. Nani atapanda na mbwa na watoto wake sita? Wanaobaki wanakua bila chanjo ya kichaa, au wanatiwa kwenye mfuko na kutupwa ziwani. Kijana wangu mmoja aliwahi kutumwa kazi hiyo akiwa na miaka tisa. Ndiye anayepiga kelele kuliko wote kwamba tusingoje.

Kilichotusumbua zaidi ni zile siku kumi baada ya kupasuliwa. Asilambe kidonda, asikimbie, asiingie majini. Atalala wapi, na sisi watu saba chumba kimoja? Mama mmoja muuza samaki amekubali alale jikoni kwake, mradi ugali tulete sisi. Vijana wameandika zamu kwenye daftari. Pesa za daktari bado hazijatimia, tunahesabu tena Ijumaa.