Jumamosi, Uyole hadi Ipogolo

Jumamosi nilipanda basi Uyole, Mbeya, kwenda Iringa. Makambako, wauza mahindi wakiwa madirishani, abiria mmoja alimvuta binti mdogo wa jirani yangu ampakate. Mtoto akajikunyata. Mama yake akasema, "Mwache dada, hataki." Watu wakaguna: maringo!

Kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, nje ya ndoa, "ndiyo" ya binti aliye chini ya miaka 18 haimwokoi mwanamume mahakamani. Sawa. Lakini "hapana" yake tunaanza kuisikiliza lini?

Ipogolo, shangazi alinilaki kwa "Kamwene!" Mjukuu wake, ambaye huwa namminya mashavu bila kuuliza, alijificha nyuma ya kitenge. Nikauliza, "Nikukumbatie?"

"Baadaye."

Alikuja tulipomaliza ugali.