Dublin, kwa Ndugu wa Albicans

Kabla ya safari hii nilikuwa sijavuka hata Namanga. Ndege ilinitoa Dar es Salaam, ikanishusha Doha usiku, na kesho yake mchana nikajikuta kwenye basi la ghorofa mjini Dublin, koti la kuazima likinipwaya, nikiuchungulia mto Liffey. Kwa unavyosifiwa nilitegemea mto mpana. Kumbe mwembamba, na maji yake yana rangi ya chai ya mkandaa.

Sisi watu wa maabara tunaujua mji huu kwa sababu nyingine. Mwaka 1995 Derek Sullivan, David Coleman na wenzao walitangaza spishi mpya ya fangasi, Candida dubliniensis, waliyoikuta midomoni mwa watu wanaoishi na VVU. Hadi hapo ilikuwa ikiandikwa kuwa ni Candida albicans, ile inayoleta utando mweupe ambao kwetu watoto walipakwa jivii mpaka midomo ikawa zambarau.

Mama yangu, muuguzi mstaafu, alipiga simu jioni ile.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Yaani wamekulipia ndege ukatazame utando wa mdomoni? Si ungekuja wodini?”

“Huku upo wa aina mbili, mama.”

“Na dawa je, nazo mbili?”

Hilo ndilo swali la kuuliza. Mara nyingi dawa ni ileile, flukonazo, ila dubliniensis imeonekana maabara kuizoea upesi. Shida ni kwamba kipimo chetu cha haraka hakizitenganishi. Tunaweka koloni kidogo kwenye seramu, nyuzi 37, na baada ya saa mbili au tatu tunatafuta vimirija vilivyochipua. Vikionekana, tunaandika albicans na kwenda kwa mgonjwa mwingine. Dubliniensis nayo huchipua vilevile.

Asubuhi, njiani kwenda maabara, upepo ulileta harufu ya shayiri iliyokaangwa kutoka kiwanda cha Guinness. Hamira ya huko inaheshimika na kulipiwa kodi. Ya kwetu inasubiriwa na friji la nyuzi 80 chini ya sifuri.

Mwenyeji wangu alinipa pipeti, nikajaza vishimo vya jeli kimoja kimoja. Tulikuwa tunatafuta jeni HWP1. Jeni hili huipa albicans protini ya kujishikiza kwenye seli za shavu, tena vimeng'enya vya mwili wa mgonjwa mwenyewe ndivyo vinavyoigandisha hapo. Mwaka 2008 Orazio Romeo na Giuseppe Criseo wa Italia walionyesha kwamba kipande chake kinapishana urefu kwa kila ndugu. Silaha ya mhalifu ikawa ndiyo kitambulisho chake, jambo ambalo mimi bado linanifurahisha.

Tulipowasha taa ya urujuanimno, mistari ilikuwa imeachana waziwazi. Albicans, jozi za besi 941, ilibaki juu. Dubliniensis, 569, ilikuwa imekimbia mbali. Katikati, kwenye 700, ulikaa mstari wa tatu.

“Huyo ni africana,” alisema mwenyeji, akinitazama kama anayetambulisha wageni wawili wa mji mmoja. Ilitambuliwa mara ya kwanza kwa wagonjwa wa Madagaska na Angola, nami nimekutana nayo Ireland!

Dubliniensis ni mpole kuliko nduguye. Haina jeni ALS3 la kujinatisha, wala SAP5 na SAP6 za kumeng'enya protini, na kwenye damu hukutwa kwa nadra. Ndiyo maana naona kuandika “albicans” kwa kila kinachochipua ni uzembe tunaoweza kuuacha, hata pasipo mashine ya PCR. Kiatamizi cha nyuzi 45 kinatosha kuanzia: albicans kwa kawaida huota humo, dubliniensis haioti. Zipo albicans chache zinazogoma pia, kwa hiyo sampuli isiyoota ipandwe tena kwenye agari ya mchele. Dubliniensis huko hutoa vijimbegu vyenye ukuta mnene, viwili viwili au vitatu vitatu, ambapo albicans hutoa kimoja kimoja. Mchele, kwa bahati nzuri, hatuagizi Ulaya.