Kuingia na Kuvamia

Tulipokuwa tukiandaa mkutano wetu wa Injili hapa Kigombe, mjumbe mmoja wa kamati alipendekeza kitambaa cha barabarani kiandikwe kwamba tunavamia Kigombe kwa jina la Yesu. Wengi wakaitikia amina. Mimi niliomba neno hilo lizungumzwe kwanza.

Kuvamia ni kumwangukia mtu ghafla na kwa nguvu. Simba huvamia zizi, majambazi huvamia duka. Huku kwetu kwenye mashamba ya mkonge, mvamizi ni pia yule anayelima ardhi isiyo yake. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na sisi wa umri huu tunakumbuka jinsi neno lile lilivyotoka redioni. Karibu yake liko neno hujuma, lililotoka Kiarabu, ambako asili yake ni kumshambulia mtu kwa ghafla. Sisi tukalitumia kwa uharibifu wa kichinichini, hasa baada ya msako wa wahujumu uchumi wa 1983. Hata kuingia, neno la amani kabisa, ukilirefusha kidogo likawa kuingilia, tayari kuna ugomvi au aibu.

Sisi watu wa pwani tuna hodi. Unapiga mara tatu. Usiposikia karibu, unarudi ulikotoka bila kinyongo. Mtoto mdogo anajua hilo kabla hajajua kusoma.

Kigombe iko katikati ya Tanga na Pangani, na majirani zetu wengi ni Waislamu. Pangani, Agosti 1888, kampuni ya Wajerumani ilikuja kushika mji chini ya wakala wake Emil von Zelewski. Husimuliwa hadi leo kwamba watu wake waliingia msikitini na viatu, na mbwa. Pwani nzima ikawaka, Abushiri akaongoza vita, na Desemba 1889 akanyongwa palepale Pangani. Wazee wa hapa hawahitaji kitabu kukumbuka. Kwa hiyo Mkristo anapotangaza kwamba anavamia, jirani hasikii habari njema. Anasikia viatu.

Mjumbe yule alinijibu vizuri, sikatai. Alisema adui yetu si wanadamu bali Shetani, kama Waefeso sura ya 6 inavyofundisha, na kwamba Bwana mwenyewe alitoa mfano wa kumfunga mwenye nguvu ndani ya nyumba yake. Ni kweli. Lakini kitambaa hakisomwi na Shetani. Kinasomwa na mama anayepita na ndoo ya dagaa, ambaye siku ya msiba wetu ndiye wa kwanza kuleta maji na kuni.

Nikawasomea Luka 10, wanafunzi wanatumwa wawili wawili, wakifika nyumbani kwa mtu waanze na salamu ya amani, wasipopokelewa watoke. Na katika Ufunuo 3 Bwana, mwenye mamlaka yote, yuko nje ya mlango anabisha. Aliyeumba mlango anapiga hodi! Anayepandia penginepo, Yohana 10 imekwisha kumtaja kwa jina lake.

Hatukukubaliana usiku ule. Kitambaa bado ni cheupe, kimekunjwa kabatini, na kamati inakutana tena Jumamosi.