Upesi wa Mchezaji Hutoka Wapi?

Wazee wetu walituachia mithali mbili zionekanazo kama zapingana: "Haraka haraka haina baraka," na "Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako." Mimi nifundishaye watoto michezo huku Iringa naona zote mbili ni za kweli, nazo hukutana uwanjani.

Tumtazame kipa wakati wa penalti. Mpira umewekwa mita 11 kutoka golini. Ukipigwa kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, humfikia kwa muda usiotimia nusu sekunde. Naye mtu aonapo jambo huhitaji kama sehemu ya tano ya sekunde kabla mwili wake haujaanza kujongea. Tena katika uwanja wa Sokoine, Mbeya, ulio mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, na mpira haupunguzwi mwendo sana. Basi kipa akingoja mpira upigwe ndipo aanze kufikiri, amekwisha kuchelewa. Kipa hodari husoma mapema: hutazama jinsi mpigaji anavyoujia mpira, nyonga zake, na mguu wake wa kusimamia.

Jambo la pili ni wingi wa njia. Mwaka 1952 mtaalamu wa Uingereza, W. E. Hick, alieleza majaribio yake ya taa na vitufe: idadi ya taa ilipozidi, mtu alikawia zaidi kubonyeza kitufe kilichopasa.

Jambo hilo nimeliona kwa macho yangu. Katika mpira wa pete, mchezaji aliyedaka mpira hana ruhusa ya kukaa nao zaidi ya sekunde 3. Tulikuwa na msichana mmoja ambaye kila mara mwamuzi alimpulizia filimbi kwa kukawia. Wenzake wakamwita mzito, wakataka atolewe katika timu. Nilipomwuliza, akajibu, "Mwalimu, nikishika mpira naona watu wengi mno, sijui nimpe nani."

Nikamwambia, "Mwanangu, kabla mpira haujakufikia, mtafute kwa macho mwenzako wa kulia. Akiwa peke yake, mpe. Akiwa amezuiwa, mpe wa kushoto. Basi, usitafute mwingine." Tukafanya hivyo kila jioni kwa majuma kadhaa, kwanza bila mpinzani, kisha na mmoja, kisha na wawili. Hata leo hukosea mara nyingine, lakini filimbi ya sekunde 3 haimpati tena kama zamani, wala hakuna atakaye atolewe.

Kwa hiyo, wazazi na walimu wenzangu, haifai kusimama pembeni mwa uwanja tukipiga kelele, "Haraka! Haraka!" Kelele hizo humwongezea mtoto jambo jingine la kufikiri. Haraka yenye baraka ni ile iliyotengenezwa polepole siku za mazoezi. Na mtoto akikawia, tumwulize kwanza anaona nini, kabla hatujamwita mzito.