Tulipokwenda Peke Yetu Katika Milima ya Scotland



Ndugu zetu katika imani, kwa miaka kumi na minane tumewasomesha watoto mlango wa safari: kupunguza Swala, kuzikusanya na kupangusa juu ya khufu. Lakini safari yenyewe tuliijua kitabuni tu.

Juni 2019, baada ya Idd, tulimzuru dada yetu Glasgow. Huko tukaazimia kutembea kwa miguu njia iitwayo West Highland Way, kilomita 154 kutoka Milngavie hadi Fort William. Dada alitusihi tumngoje mwanawe amalize mitihani tufuatane. Tukakataa. Tulisema tunataka faragha na Mola wetu.

AlhamduliLlaah, siku za mwanzo zilikuwa neema. Kando ya ziwa Loch Lomond tuliswali Adhuhuri na Alasiri rakaa mbili mbili, tukielekea kusini-mashariki. Asubuhi tulivaa viatu vyetu vya ngozi tukiwa na udhu, na mchana kutwa tukapangusa juu yake. Jua lilikuchwa karibu saa nne usiku.

Siku ya sita, kutoka bonde la Glencoe, tulipanda mahali wenyeji wanapopaita Ngazi ya Shetani, kiasi cha mita 550, ndipo juu kabisa ya njia yote. Ukungu ukashuka. Tukateleza, kifundo cha mguu kikateguka. Simu haikushika mtandao, na tangu juzi hatukuwa tumempigia dada. Tulikaa juu ya jiwe tukitetemeka, tukazikumbuka hadithi za Mtume (s.a.w.) zinazomuonya anayesafiri peke yake. Sisi wenyewe ndio tuliowahifadhisha watoto!

Baadaye akatokea mzee na mkewe, si Waislamu. Wakatufunga mguu, wakatupa fimbo, wakaenda kwa mwendo wetu hadi kijiji cha Kinlochleven. Njiani tuliomba nafasi ya kuswali. Wakasimama kutukinga na upepo.

Fort William hatukufika. Tulipompigia dada, alilia kabla ya kuitikia salamu. Siku mbili hakulala. Faragha tuliyoitafuta mlimani ingepatikana usiku chumbani mwake, bila kumtia mtu hofu.

Siku hizi tukiufungua mlango wa safari, tunaanza na mwenza, ndipo tunafika kwenye khufu. Tunamuomba Allah atusamehe, na awalipe kheri wazee wale kwa kuwaongoza. Aamiyn.

Wabillaahi tawfiyq.