Kufunika Si Kutunza

Msikiti wetu una tela dogo la magurudumu mawili. Ndilo libebalo jeneza, maji na majembe twendapo kuzika, kwani makaburi yako nje ya mji, mbali kuendewa kwa miguu. Kwa kuwa hatuna banda, tela hilo hulala uani. Mwaka jana, kabla ya masika, kamati ilijadili kulinunulia turubai, nasi tuliokabidhiwa kalamu ya ukatibu tulikuwa wa kwanza kuunga mkono.

Hoja zetu zilikuwa za kweli. Jua la pwani hupasua mpira wa matairi na kupausha rangi. Mvua huozesha mbao. Na kinyesi cha kunguru hakifai juu ya chombo kinachobeba maiti. Basi likanunuliwa turubai la plastiki, likafungwa kwa kamba. Tangu hapo, kila kikao tuliandika: "Tela limefunikwa, li salama." Hakuna aliyelifunua.

Masika yalipokwisha, alifariki bibi mmoja aliyewasomesha juzuu watoto wa mtaa mzima, nasi tukiwamo. Maziko yalipangwa baada ya Adhuhuri. Tulipoondoa turubai tulipokewa na uvundo. Plastiki ilikuwa imezuia mvua isiingie, lakini imezuia pia unyevu uliopanda kutoka ardhini usitoke. Mbao zilikuwa zimeota ukungu, na vyuma vimeliwa na kutu. Kwenye pembe, turubai lililopeperushwa na upepo lilikuwa limesugua rangi hadi bati likaonekana. Panya walikuwa wamezaa katika mkeka uliokunjwa, na tairi moja lilikuwa limelala chini. Tukahangaika kuazima pikapu ya muuza mkaa, na mwalimu wetu akazikwa Alasiri ikikaribia. Wanawe hawakutulaumu, na kimya chao kilitutosha.

Je, turubai ni baya? La hasha. Baya ni kulifanya badala ya macho yetu. Sasa tunatumia turubai la kitambaa kizito kinachopitisha hewa. Tumeliinua katikati kwa fito ili maji yatiririke, na tumelikaza lisipepee. Pembe kali za tela tumezivisha vitambaa vikuukuu, na hatulifuniki likiwa na maji. Kila Alhamisi hufunuliwa likapigwa na hewa, matairi yakakaguliwa. Mwenye uwezo wa kujenga banda lenye paa na pande zilizo wazi, hilo ni bora zaidi, kwani huzuia jua na mvua bila kuficha kitu.

Tela ni amana ya waumini, nasi tuliiandikia usalama tusioushuhudia. Mwenyezi Mungu amrehemu bibi yetu, atusamehe na sisi. Katika kumbukumbu za kamati, neno "limefunikwa" halitoshi tena: tunaandika nani alilifunua, siku gani, na aliona nini.