Kipimo Kilikuwa Gunzi

Vijijini Nyacheki, Bobasi, kwa Wagusii wa Kenya, nyumba ya mwanasesere ilianza na mwenyeji wake. Mahindi yakishapukuchuliwa ulichagua gunzi lililonyooka, ukalivika kitambaa, ukalifungia nywele za nyuzi za mgomba. Kuanzia hapo kila kitu kilipimwa kwa gunzi hilo. Kitanda kilipaswa kulizidi urefu kidogo, mlango uliachwa wazi kiasi cha kulipitisha wima, na kiti kisichoweza kulikalisha kilivunjwa na kuundwa upya. Mafundi wa Ulaya wana kipimo chao, inchi moja kwa kila futi moja. Ndicho kilichotumika katika nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary wa Uingereza, iliyotengenezwa kati ya 1921 na 1924, ambayo ingali katika Kasri la Windsor na mabomba yake ya maji na taa zake za umeme. Sisi hatukuhitaji rula. Mwenye nyumba alikuwa mkononi.

Msimu wa fanicha ulikuwa likizo ya Agosti, mahindi yakiwa yamevunwa na mabua yamekauka shambani. Bua bichi halifai kwa sababu kiini chake kimejaa maji, na kikinyauka viungo vyote hulegea. La kavu tulilimenya, tukapasua ganda kuwa vijiti vyembamba vya kutumia kama misumari, kisha tukaunganisha vipande vya kiini cheupe kwa vijiti hivyo: miguu ya meza, mbao za kitanda, rafu za kabati la vyombo. Ganda la bua lina makali, kwa hiyo msimu wote vidole vilikuwa na mikato.

Vigoda vilikuwa vya udongo wa mfinyanzi uliochotwa kijitoni. Kigoda cha Kigusii kina miguu mitatu, hivyo hakiyumbi hata sakafu ikiwa na mabonde, na vile vizuri vya wazee hupambwa kwa shanga zilizogandamizwa kwenye mti. Shanga hatukuwa nazo. Tulibonyeza punje za wimbi juu ya udongo ungali mbichi, duara ndani ya duara, tukakianika kigoda kivulini maana jua kali hupasua udongo. Nyanya alikuwa akipita na kuikagua nyumba kwa makini yote. Hakusifu mapambo. Aliuliza, "Na mgeni akija, ataketi wapi?" Tulirudi kijitoni kuongeza kigoda.

Nyumba zetu ndogo zilifuata zile kubwa. Paa la nyasi liliondoka, tukaezeka kwa vipande vya bati la kopo. Kuta tulizibandika kurasa za gazeti kwa uji wa unga wa ngano, kama mama zetu walivyofanya sebuleni. Masanduku ya kiberiti yaliyogandishwa pamoja yakawa kabati lenye droo zinazofunguka kweli, na nyuzi zilizobaki mama aliposhona kroshia zikawa vitambaa vya makochi. Mjomba aliyekwenda Tabaka alituletea mabaki ya mawe ya sabuni. Jiwe hilo ni laini, hata ukucha hulikwaruza. Huko Tabaka kwa kawaida wanaume huchonga na wanawake husugua kwa msasa na maji, na sisi tulifanya kazi zote mbili. Tulipata meza laini ya rangi ya waridi ambayo hakuna bua lingeshindana nayo. Hata shule ilitusaidia wakati huo. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, ulikuwa na somo la sanaa na ufundi, na mwalimu alipokea vigoda vyetu kama kazi halali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo ya mtihani wa darasa la nane yalipopunguzwa, mikono ilinyang'anywa nafasi yake, na ninaamini tulipoteza zaidi ya somo moja.

Lakini mageuzi makubwa yaliletwa na mwanasesere wa plastiki kutoka sokoni. Alikuwa mrefu kuliko gunzi, miguu yake haikukunjika, na hakuna kigoda cha udongo kilichomtosha. Wadogo zangu walijaribu kumtengenezea kitanda cha kadibodi, kisha wakachoka. Alibaki kubebwa mgongoni. Kalongolongo, mchezo wetu wa kuigiza maisha ya nyumbani, uliendelea, ila nyumba yenyewe ilikoma kujengwa.

Sasa imerudi kwa mlango mwingine. Tangu Mtaala wa Umilisi uanze kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, watoto wetu wanatumwa kuunda vifaa kwa malighafi ya mazingira yao. Nilifurahi sana kusikia hivyo. Baadaye niliona kazi zenyewe: nyumba za kadibodi zilizonyooka, televisheni bapa ukutani, makochi ya sifongo, gundi ya dukani, na mara nyingi mzazi ndiye aliyekesha akizitengeneza ili picha ipigwe kwa simu na kutumwa kwa mwalimu. Ni nzuri kwa macho. Nilipoinama kutazama ndani ya mojawapo, kiti kilikuwa kirefu kuliko mlango, na kitanda hakikuwa na wa kukilalia. Hakuna aliyepima, kwa sababu hakuna anayeishi humo. Alama zikishatolewa, nyumba hutupwa.

Simlaumu mtoto, wala mwalimu mwenye darasa lililofurika. Ninachowaomba wazazi wenzangu ni kidogo. Mwanao akileta kazi ya kuunda nyumba, usikimbilie gundi. Mpe gunzi na kitambaa amvishe mwenyeji kwanza, mwonyeshe bua kavu lilivyo tofauti na bichi, kisha umwachie kisu kidogo na muda wa kutosha. Na akimaliza, muulize mgeni ataketi wapi.